Mbegha Si Nyani

"Madamu, mbega ni yule nyani mweusi mwenye koti jeupe."

Darasa likacheka, nami nikacheka. Jibu lenyewe halikuwa kosa. Msitu wa Magamba ulio juu ya mji wa Lushoto unao mbega, na mtoto anayepita njia ya kuni asubuhi anawajua vizuri kuliko anavyomjua waziri yeyote. Ila mimi nilikuwa nimeandika ubaoni MBEGHA, kwa herufi kubwa, nikimaanisha mtu aliyeanzisha ufalme wa Washambaa. Mbele yangu walikaa wanafunzi hamsini na wawili wa Kidato cha Pili, wengi wao Washambaa, tena si mbali na Vugha yalikokuwa makao ya wafalme. Aliyejua chochote alikuwa mmoja tu. Alisimama, akasema, "Alikuwa na mbwa," akakaa.

Hiyo ilikuwa wiki yangu ya pili ya TP. Jumamosi yake nikateremka mjini kununua sabuni na karatasi, nikapita mbele ya kibanda cha gemu. Mnavijua: televisheni mbili, PlayStation za zamani, benchi, na watoto wamejazana kama daladala ya saa kumi na mbili jioni. Nikawakuta wanafunzi wangu wanne. Watatu walikuwa kwenye mpira. Wa nne, yule yule wa nyani mwenye koti, alikuwa pembeni na simu ya kaka yake anawinda dubu kwenye theluji.

Nilitaka kuwa mkali, nikashindwa, nikakaa. Akanifundisha. "Madamu, usipite huku, upepo unatoka mgongoni kwako, atakunusa. Zunguka. Angalia nyayo, hizi za leo, zile za jana." Kwa dakika ishirini mtoto asiyeweza kunitajia mwindaji wa kwao alinipa somo la uwindaji lenye mpangilio mzuri kuliko andalio langu la somo la wiki nzima. Dubu hajamwona maishani mwake, wala theluji, labda ile ya Kilimanjaro kwenye noti na kalenda. Lakini anajua dubu ananusa vipi.

Nilipanda kilima kurudi nilikopanga nikiwa na wazo moja kichwani, na mpaka leo halijatoka. Ninataka gemu la Mbegha. La kwenye simu, ambalo mchezaji anavaa uhusika wa mtu mmoja na kuishi safari yake tangu anafukuzwa kwao hadi anaitwa mfalme. Na ninataka kueleza hapa kwa nini gemu hilo likitengenezwa kwa haraka haraka, kwa kuiga ya wenzetu, bora lisitengenezwe kabisa.

Kwa wasiotoka Tanga, habari yenyewe iko hivi, kama nilivyoisikia kwa bibi yangu na kama nilivyoikuta baadaye vitabuni. Mbegha alizaliwa Nguu, milima ambayo leo iko upande wa wilaya ya Kilindi. Meno yake ya juu yalitangulia kuota, yaani alikuwa kigego, na kigego siku zile alihesabiwa nuksi, wengi hawakuachwa waishi. Yeye aliachwa. Wazazi walipofariki ndugu zake wakamnyima urithi. Akabaki na mbwa, mikuki, uganga wake na ujuzi wa kuwinda nguruwe pori. Akafanya urafiki na kijana wa mkubwa wa Kilindi, wakaenda kuwinda pamoja, nguruwe akamuua yule kijana. Mbegha akakimbia. Akaishi porini, akala nyama tu, mpaka moshi wa kambi yake ulipoonekana huku kwenye milima ya Usambara na watu wakaenda kutazama ni nani anayepika kule. Akawagawia nyama. Wao wakamletea chakula cha shamba. Habari zikaenea, watu wa Bumbuli wakamtaka akakae kwao, akawaulia nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba, akawaamulia na kesi zao. Mwisho watu wa Vugha wakaja kumchukua. Njiani usiku akaua simba, akaingia nayo ngozi, wakamwita Simba Mwene. Jina hilo wafalme wote waliofuata walilirithi.

Wanahistoria wanaliweka jambo hili kwenye nusu ya kwanza ya karne ya 18, kwa hiyo mwenye kupenda "zama za kale" za mapiramidi atasema ni juzi. Sawa. Kwa mtoto wa Kidato cha Pili hata Nyerere ni zama za kale.

Sasa tazama hadithi hiyo kwa jicho la mtu anayecheza magemu. Kila kitu kimo. Mhusika mkuu aliyekataliwa, rafiki anayekufa, safari, msitu, ukungu (na ukungu wa Lushoto mwezi wa saba si mchezo, unaweza kumpoteza mtu hatua kumi kutoka mlangoni kwake), mbwa wanaokutii ukiwalisha na kukutoroka usipowalisha, levo ya mwisho ya simba usiku. Nilipomweleza rafiki yangu mmoja anayesoma kompyuta, tukiwa tumekaa kwenye kimbweta karibu na kantini, macho yalimwaka. Akachukua daftari langu akaanza kuchora. Nguruwe mdogo pointi kumi, nguruwe dume pointi hamsini, simba elfu moja. Ukifikisha elfu tano unakuwa mfalme.

Hapo ndipo tulipogombana.

Kwa sababu Mbegha hakupewa ufalme kwa kuua. Soma hadithi tena. Nguu aliua nguruwe wengi na hakuna aliyemfanya chochote isipokuwa kumfukuza. Kilindi aliwinda na rafiki akamzika. Wawindaji walikuwepo wengi, hata simba walikuwa wanauawa na watu wengine. Kilichombadilisha kutoka mtu wa porini kuwa mtu wa watu ni siku ile alipokata nyama akawapa wageni waliofuata moshi, nao wakarudi na chakula. Nyama kwa chakula cha shamba. Yule Mmarekani Steven Feierman, aliyekusanya simulizi za Washambaa miaka ya 1960 na kuandika historia ya ufalme wao iliyotoka 1974, anaonyesha jambo hilo hilo: mtu wa nyama tupu, wa porini, anaingia nchini kwa njia ya kubadilishana na wakulima. Bibi yangu hajamsoma Feierman. Ila kila alipofika pale kwenye moshi alikuwa anapunguza sauti, na kwenye simba alikuwa anapita mbio.

"Mwalimu," rafiki yangu akaniambia, "gemu la kugawa nyama nani atalicheza? Watu wanataka damu."

Damu ipo, nikamwambia. Winda uwezavyo. Ninachouliza ni hivi: baada ya kuua, gemu linakuuliza nini?

Magemu mengi hayakuulizi kitu. Mwaka 2016 kampuni ya Ubisoft ilitoa Far Cry Primal, gemu la uwindaji la miaka 10,000 kabla ya Kristo. Ni zuri, nimelicheza kwenye kompyuta ya mtu mpaka nikachelewa semina. Jamaa wale walikwenda mbali: waliwatafuta wanaisimu, wakawaundia lugha za watu wa kale, waigizaji wakajifunza kuzisema. Fikiria. Wao ilibidi watunge lugha ya wawindaji wao kwa sababu haipo tena. Sisi lugha ya hadithi yetu inanunulia nyanya soko la Lushoto leo hii, na hakuna aliyeiweka hata kwenye levo moja. Lakini pamoja na kazi yote ile, mnyama ukishamuua anageuka ngozi na nyama za kukuongezea wewe nguvu. Wewe, mfuko wako, silaha zako. Kijiji kinakua, ndiyo, kwa kuwa wewe umekua.

Si kwamba haiwezekani vingine. Mwaka 2014 Alaska walitoa Never Alone, wakitumia hadithi ya Wainupiati, na wazee wao walikaa na watengenezaji tangu mwanzo. Msimulizi anasimulia kwa lugha yao. Mwaka 2024 ikatoka Tales of Kenzera: ZAU, ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye alilitengeneza kutokana na msiba wa baba yake, na unaweza kulicheza lote kwa sauti za Kiswahili. Nilipolisikia mara ya kwanza nilikaa kimya kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye stendi ya nchi ya watu. Kwa hiyo tusiambiane kwamba Kiswahili hakiingii kwenye gemu.

Tulibishana na rafiki yangu mpaka kantini ikafungwa. Kubishana hakujengi gemu, nikaamua nilijaribu kwa karatasi.

Nilirudi TP na maboksi ya sabuni niliyoyakata kuwa karata. Maharage yakawa nyama, punje za mahindi zikawa ndizi, maana ndizi ndiyo ilikuwa chakula kikuu cha Washambaa enzi hizo. Darasa nililigawa makundi manne: Mbegha na wenzake, watu wa Ziai, watu wa Bumbuli, watu wa Vugha. Kila raundi wawindaji wanavuta karata ya msituni, wakulima wanavuta karata ya shambani, na nusu ya karata za shambani ni nguruwe wamepita usiku. Kila kundi lisipopata maharage na mahindi yote mawili, mtu wao mmoja anakaa chini.

Mara ya kwanza jambo lilivunjika vibaya. Kundi la Mbegha lilirundika maharage mezani kama duka la jumla. Wakulima wakaomba, wakakataliwa. "Nendeni mkawinde wenyewe!" Raundi ya sita kijiji kizima kimekaa chini, na wawindaji nao wamekaa chini kwa kukosa mahindi, wana maharage sabini na moja. Kiongozi wao akaniuliza, "Madamu, tumeshinda?" Alikuwa anauliza kweli. Kwa hesabu za rafiki yangu wa kimbweta, walikuwa wameshinda.

Usiku ule niliongeza sheria moja tu. Nyama inaoza. Maharage yakikaa raundi mbili mkononi mwako, yanarudi kwenye boksi.

Kesho yake lilikuwa darasa jingine kabisa. Raundi ya tatu wawindaji waliona maharage yanaelekea kuoza, wakaanza kupiga kelele kutafuta mtu wa kumpa. Bumbuli wakachukua, wakalipa mahindi. Ziai wakalalamika kwamba wamesahaulika, wakapewa. Bumbuli na Ziai wakagombania mtoto mmoja wa kundi la wawindaji aliyekuwa anagawa kwa haki, wakamwomba awaamulie nani alime bonde lipi. Sikuwaambia wafanye hivyo, hakukuwa na karata ya kesi! Kisha Vugha, waliokuwa wamekaa karibu na mlango, wakanyanyuka wote, wakaenda kumbeba yule mtoto na kiti chake.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mhadhiri aliyekuja kunikagua.

Nadhani mnaweza kukisia. Wanafunzi wako juu ya madawati, maharage sakafuni, kiti hewani na mtoto juu yake. Kwenye fomu yangu kuna mstari unaosema mwalimu anashindwa kulidhibiti darasa, na alama ninazozibeba mpaka leo zitanihitaji nifanye vizuri sana muhula huu nisiteremke daraja. Simlaumu sana. Angekuja dakika kumi baadaye angewakuta wanaandika. Maana waliandika, na hilo halikuingia kwenye fomu: niliwapa swali la aya moja, "Kwa nini watu wa Vugha walimtaka Mbegha?", na kati ya hamsini na wawili ni wawili tu walioandika kwamba ni kwa sababu alikuwa na nguvu. Yule wa dubu aliandika kwamba Mbegha angekuwa na friji asingekuwa mfalme. Nilimpa alama zote.

Lakini kilichoninyima usingizi hakikuwa fomu. Kipindi kilipoisha alinifuata msichana mmoja mpole, wa benchi la nyuma, ambaye siku zote anajibu kwa kunong'ona. Akaniuliza, "Madamu, mimi ni Mmbugu. Sisi tunacheza kina nani?"

Sikuwa na karata yao.

Wambugu wako Usambara, wana lugha yao ambayo wanaisimu wanasafiri kutoka Ulaya kuja kuisikiliza, na walikuwa wafugaji kwenye nyanda za juu wakati hadithi hii inaanza. Na si kwamba hawamo kwenye historia. Wamo, ila mahali pabaya: ujio wao ni moja ya mambo yanayotajwa kuwa yaliwatia Washambaa wasiwasi mpaka wakatafuta mtu mmoja wa kuwaunganisha. Kwa lugha ya gemu, ningewaweka kwa kufuata vitabu tu, wangekuwa maadui wa levo ya nne. Na yule binti angelicheza gemu la mwalimu wake kwa kuwapiga mikuki babu zake.

Hapo nilielewa kwamba nilikuwa ninaichukulia hadithi kama jiwe, wakati nayo ina wenyewe. Habari ya Mbegha tuliyonayo ni habari ya Wakilindi, ukoo uliotawala. Kitabu chake maarufu kinaitwa hivyo hivyo, Habari za Wakilindi, kilichoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, kikaanza kuchapishwa 1895 na kutolewa tena 1962. Ni kitabu kitamu, someni, kipo. Lakini mwandishi alikuwa amekaa Mazinde kwa Semboja, Mkilindi, mwana wa mfalme. Anayesimulia kwenye sebule ya mwenye nyumba hawezi kusahau kabisa sebule ni ya nani.

Na Wakilindi hawakubaki wagawaji nyama. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki 1862, wanawe na wajukuu waligombana, na vita vile vilivuta bunduki kutoka pwani na kusukuma watu kwenda pwani, watu wa kuuzwa. Wabondei waliasi, ule uasi wao wa Kiva, wakawaondoa Wakilindi kwao. Ukisimama Irente leo, pale watalii wanapopigia picha, ukatazama chini kule joto la Mazinde linakotetemeka, unaitazama njia ambayo misafara ilipita. Kwa hiyo gemu linalomalizika kwa ngoma na ngozi ya simba Vugha linamaliza pale pazuri, kama sinema ya harusi inayokata kabla ya ndoa.

Washambaa wenyewe wana kipimo cha mambo haya, na ni kipimo bora kuliko pointi. Wanasema kuzifya shi, kuitengeneza nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mfalme alikuwa na uwezo wa yote mawili, hasa kwa mvua; mwenye nguvu za kuleta mvua ndiye mwenye nguvu za kuizuia. Ninataka juu ya kioo cha simu, pale magemu mengine yanapoweka mstari mwekundu wa uhai wa shujaa, uwekwe mstari wa nchi. Ukigawa vibaya unashuka. Ukiwinda kupita kiasi unashuka. Ukiwa mfalme na ukaanza kuchukua bila kutoa, unashuka haraka zaidi kuliko ulipokuwa mwindaji, na mpaka mwisho gemu lisikuambie umeshinda. Likubadilishe. Levo ya mwisho ucheze mkulima wa Bumbuli, au mfugaji wa Kimbugu, chini ya mfalme yule yule uliyemtengeneza wewe mwenyewe kwa saa kumi za mchezo. Uone ulivyomwacha.

Binti yule nilimtengenezea karata siku iliyofuata, ya ng'ombe na maziwa. Aliitazama akasema ng'ombe wawili ni wachache. Tukaandika sita.

Niseme na hili la nguruwe, maana najua kuna wanaolisubiri. Washambaa wengi ni Waislamu, bibi yangu akiwemo, na kuna mwanafunzi aliyekataa kushika yale maharage mpaka nimhakikishie ni maharage. Rafiki yangu wa kompyuta akapendekeza tuweke swala badala ya nguruwe, tusiudhi mtu. Nilimpigia bibi Vugha kumuuliza.

"Mjukuu wangu," akasema, "wakati ule wa Mbegha hata hatujasilimu. Sasa ukimweka swala, swala amemla nani ndizi zake?"

Ndiyo hoja yote. Nguruwe hayumo kwa bahati mbaya. Ndiye adui wa mkulima wa mlimani, jana na leo. Ongea na yeyote mwenye shamba linalopakana na msitu akuambie analala saa ngapi mahindi yakikaribia kukomaa. Ukimtoa, Mbegha anabaki mchinjaji anayezunguka. Kwa hiyo abaki. Mchezaji asiyetaka kubeba ile nyama awe na njia ya kumfukuza tu na kulinda shamba, au kuwinda nyati na wengine, na mstari wa nchi upande vile vile. Mwenye kupanga gemu ana kazi ya kufikiri, si ya kufuta.

Jingine aliloniuliza mwalimu mmoja mzoefu pale shuleni: tunawafundisha watoto ujangili? Hofu yake naielewa. Magamba sasa ni hifadhi ya mazingira asilia, na sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya 2009 haitanii na anayeingia na mbwa na mkuki bila kibali. Lakini gemu hili ninavyoliona lingewafunga breki kuliko kuwachochea. Msitu unaowindwa kila siku utoe karata tupu. Hilo nalo tulilijaribu kwa maharage, na ni watoto wenyewe waliopendekeza Ijumaa isiwe siku ya kuwinda. Sababu waliyoitoa ni kwamba wawindaji waende msikitini. Nikawaachia.

Mambo ya fedha na mitambo sitayamaliza hapa. Najua linalotakiwa ni gemu dogo la megabaiti chache, linalocheza bila bando, kwenye simu ya kaka yenye kioo kilichopasuka, kwa sababu hiyo ndiyo simu ya Lushoto. Programu ya kulijengea ipo ya bure, Godot, hailipiwi hata senti. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili sasa linafundishwa kwa Kiswahili sekondari, kwa hiyo hata kisingizio cha lugha hatuna. Wazee wanaojua matoleo yao ya hadithi, ya Ziai tofauti na ya Bumbuli, tofauti na ya Vugha, wanapungua, na hakuna programu ya kuwapakua upya. Bibi ana umri wa miaka themanini na kitu. Kwenye simu mwezi uliopita alisimulia kipande cha moshi mara mbili, mara ya pili akawaweka Wakaguru badala ya watu wa Ziai, akajicheka.

Wasomaji wa jarida hili mnaosoma kompyuta, mnaochora, mnaopiga ngoma kwenye kile kikundi cha sanaa kinachotukosesha usingizi Alhamisi: boksi la karata liko chini ya kitanda changu, Bloku C, ghorofa ya pili, limeandikwa MBEGHA ubavuni. Rafiki yangu amekubali sheria ya kuoza, ya mfalme kuwa mkulima bado anaikataa, anasema hakuna mtu anayependa kushushwa cheo. Tunaicheza tena Jumapili hii saa kumi kwenye vimbweta vya nyuma ya maktaba. Tunahitaji makundi matano sasa. Maharage ninayo, mahindi yameliwa na panya, kila mtu aje na kiganja kimoja.